Bisibisi Yake Iko Wapi?

Wale mliokosa Jumamosi mkanipigia mpaka simu ikaisha chaji, haya ndo niliyoongea kuhusu vifaa vinavyowekwa ndani ya mwili wa mtu. Dogo mmoja alinirekodi, nimekaa naye usiku mbili tunasikiliza na kuandika, picha za ukutani nimeziacha, na matani mengine nimeyakata maana yalikuwa ya mle mle ndani. Ukumbi ulikuwa Sinza, watu kama sitini, nusu mafundi simu wenzangu wa zamani kutoka Kariakoo, nusu wanafunzi wanaosomea vifaa tiba, na wazazi wachache waliokaa nyuma karibu na feni.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, mambo vipi? Mafundi wa mtaa wa Aggrey, najua Jumamosi ndo siku ya hela na mmefunga vibanda kwa ajili yangu, kwa hiyo sitawazungusha.

Naanza na swali. Nani humu ndani ana kifaa kilichopandikizwa mwilini mwake? Mkono juu. Mmoja... kaka pale ana chuma cha paja, pole kaka. Wengine hamna? Watu sitini, mmoja tu? Haya, nauliza kivingine. Akina dada, sitaki mkono, jibuni moyoni: nani ana kijiti? Naona mmeanza kuangaliana. Kile cha uzazi wa mpango jamani, kile kimoja kina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2, kinakaa chini ya ngozi ya mkono kinatoa homoni kidogo kidogo miaka 3, vile viwili vinakwenda miaka 5, hakina betri wala waya lakini kipo kazini hata wewe ukiwa umelala. Sasa nani bibi yake au mama yake katolewa mtoto wa jicho? Eeh, mnaona. Nani ana jino la kupandikizwa? Nani kwao kuna mtu aligongwa na bodaboda akawekewa vyuma? Haya angalieni mikono. Ndo ukumbi mzima huo.

Nimefanya hivyo makusudi. Mtu akisikia teknolojia ndani ya mwili akili inaruka mpaka kwenye sinema, mtu nusu roboti jicho linawaka taa nyekundu, wakati bibi yako yuko Kisarawe anachambua mchele na plastiki ndani ya jicho na wala hana habari. Mi leo roboti siwajui. Nina swali moja tu, nimetembea nalo miaka kumi na leo nitalirudia mpaka mnichoke: bisibisi yake iko wapi?

Ngoja nianze na huyo bibi, maana ni bibi yangu kweli, mzaa mama. Alikuwa haoni karibu miaka mitatu, anapapasa ukuta kwenda chooni, tukampeleka hospitali ya CCBRT pale Msasani. Kesho yake wanamfungua bandeji mi nimesimama mbele, nasubiri machozi ya furaha kama kwenye tamthilia. Bibi kaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Hilo shati umelala nalo?" Hayo ndo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Tukarudi nyumbani, jioni akashika ungo, akatoa kwenye mchele mawe tuliyokuwa tunayatafuna miaka mitatu, anayapanga pembeni moja moja kama ushahidi mahakamani.

Ile lenzi aliyowekewa imetoka mbali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kule Uingereza marubani walikuwa wanapigwa risasi, kile kioo cha plastiki cha kufunikia rubani kinapasuka, vipande vinaingia machoni. Daktari Harold Ridley akagundua kitu, kwamba kwa kawaida kikiingia kitu kigeni jicho linavimba linapigana nacho, ila vile vipande vya plastiki vilikaa tu, jicho limenyamaza. Basi tarehe 29 Novemba 1949, hospitali ya St Thomas, London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo hiyo. Wenzake walimpinga miaka na miaka, wanaona kachanganyikiwa, kazi ya daktari wa macho ni kutoa vitu jichoni na huyu anaingiza. Alipozeeka naye macho yakaingia ukungu, akawekewa lenzi kama zile zile. Na kama mnashangaa ilifikaje kwa bibi wa Kisarawe, ni kwamba kuna watu wa Madurai, India, mwaka 1992 walianzisha kiwanda kinaitwa Aurolab, lenzi ambayo zamani ilikuwa ya wenye nazo ikashuka mpaka dola chache.

Lakini sikilizeni kitu nilichokipenda zaidi. Bibi alirudi na kadi, na kwenye kadi imebandikwa stika, nguvu ya lenzi, namba yake, kampuni iliyotengeneza. Hizi lenzi boksi lake huwa linakuja na stika kadhaa za kubandua, moja ya faili, moja ya mgonjwa. Bibi hasomi Kiingereza ila aliambiwa hii usipoteze, kaiweka kwenye ule mkoba wake pamoja na kadi ya CCM ya mwaka 77, na ukitaka kuiona unaomba ruhusa kwanza. Yaani bibi asiyejua kusoma stika anajua alichonacho ndani. Kumbukeni hilo, sasa nakuja kwangu mimi msomi.

Mwaka 2013 nilipanda boda naenda Kawe, daladala ikafungua mlango. Sina cha kuongeza hapo, mnaujua mlango wa daladala. Mguu wa kulia, mifupa yote miwili chini ya goti, kiatu kimeangalia nyuma. Nikalala hospitali moja hapa mjini, jina silitaji, wodi yetu yote ajali za barabarani, kuna waliokuwa wananing'inizwa mawe, kuna wale wa vyuma vya nje ambao tulikuwa tunawaita antena, tunawaambia hebu geuka kidogo hatupati ITV. Mi nikawekewa plati, lile bamba la chuma la kushika mfupa, na skrubu 6 kwenye ugoko. Nikapona, nikatembea, nikarudi Kariakoo kuunguza vidole na solda.

Mwaka wa tatu skrubu moja ikaanza kuchomoza, unaigusa chini ya ngozi, ukigonga kwenye kiti unaona nyota. Nikaambiwa itolewe yote. Sasa wakanichoma sindano ya mgongo, kiuno kwenda chini nimekufa, juu nasikia kila kitu, mbele yangu pazia la kijani. Na mimi ni fundi jamani, masikio yangu yanajua sauti ya bisibisi iliyoshika na sauti ya iliyokosa. Nasikia daktari, "Lete ya mbili na nusu." Kimya. Krr. "Haishiki. Lete ya tatu na nusu." Kimya. "Kubwa hii. Ya nyota ipo?" "Ya nyota iko kwenye seti nyingine dokta, na ile seti haijachemshwa." Jasho likanitoka kwa aibu utadhani mwenye kosa ni mimi. Nesi akaja upande wa kichwa, mpole kweli, akaniuliza, "Kaka yangu, ulipowekewa hukupewa karatasi yoyote?" Nikamwambia nilipewa panado na tarehe ya kliniki.

Faili likaletwa. Limeandikwa "amewekewa plati." Basi. Plati ya nani? Chuma gani? Skrubu kichwa gani? Hamna. Wakanishona na vyuma vyangu vyote ndani.

Mafundi, nyie mnaelewa kuliko mtu yeyote. Apple walipoweka zile skrubu za nyota tano kwenye aifoni tulifanyaje? Tulihangaika, wengine mliingiza bisibisi bapa mkazikwangua vichwa, msibishe, simu nyingine zililetwa kwangu baada ya kutoka kwenu. Sasa kila kampuni ya vyuma vya mifupa nayo ina kichwa chake, hii pembe sita, hii nyota, hii ya mraba, saizi zinapishana nusu milimita, na kwenye simu ukiharibu kichwa unamnunulia mteja kava na maisha yanaendelea. Kwenye ugoko?

Halafu kuna hili la mfupa wenyewe. Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, mwaka 1952 alikuwa anachunguza damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura, akapachika kijikopo cha titaniamu, alipomaliza akataka akitoe akitumie tena maana kilikuwa ghali. Hakitoki. Mfupa umekishika umekuwa kitu kimoja nacho. Yeye kwa akili zake hakukasirika, akafikiria meno, na mwaka 1965 akaanza kuwawekea watu, ndo haya meno ya kupandikiza mnayoyaona. Kwa hiyo mwili ukikipenda kitu haukiachii kirahisi.

Hospitali ya pili, mwaka mmoja baadaye, walikuwa na seti kubwa ya kutolea ina vichwa vya kila aina. Skrubu 5 zikatoka kwa taabu. Ya 6 ikalika kichwa. Wakaipiga drili, wakakata kichwa, plati ikatoka, kipande kikabaki ndani ya mfupa mpaka leo. Ile harufu ya chuma kinachokatwa na ule mlio, nilifumba macho nikajiona niko kibandani natoa ngao ya ubao wa simu.

Ndo siku niliyoamua kwenda kusomea vifaa tiba. Nikiwa na miaka thelathini na mbili, darasani naitwa baba.

Haya, betri. Hapa ndo kwetu.

Tarehe 8 Oktoba 1958, hospitali ya Karolinska, karibu na Stockholm, Sweden. Arne Larsson, miaka 43, moyo unajisahau kupiga, anazimia mara 20 mpaka 30 kwa siku, wanamwamsha, anazimia tena. Mke wake Else-Marie akasikia kuna daktari anaitwa Åke Senning na injinia anaitwa Rune Elmqvist wanahangaika na kifaa cha kuushtua moyo, kifaa chenyewe cha majaribio, hakijawahi kukaa ndani ya mtu. Akawaganda. Akawaganda mpaka wakakubali. Elmqvist akakaa na transista mbili, akaunga saketi, sasa ataifunikaje isiingie maji ya mwili? Akachukua kopo la kiwi. Kiwi hii hii ya viatu jamani, akaweka saketi ndani akamwagia gundi ya epoksi ikakauka na umbo la kopo. Na betri yake ilikuwa inachajiwa kwa koili inayowekwa juu ya ngozi kutoka nje. Chaji bila waya, mwaka 1958! Nyie mlianza kuzitangaza lini pale Aggrey?

Ikapiga saa chache ikafa. Wakamwekea nyingine. Ikafa. Nyingine. Yule mzee alikuja kufariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa kansa, moyo hauna kosa, na kwa jumla alipita kwenye vifaa 26. Ishirini na sita! Senning na Elmqvist wote wawili walitangulia yeye akabaki. Watu wakiisimulia hii wanasifia kifaa, mi kinachonikaa ni kwamba yule mzee alikuwa anamjua fundi wake kwa jina.

Miaka hiyo hiyo kule Marekani kuna Wilson Greatbatch, huyu ndo wetu kabisa. Alikuwa anaunga saketi ya kurekodi sauti za moyo, akaingiza mkono kwenye boksi la rizista, vile vijipande vya kupunguza umeme, anatafuta ya kilo-ohm 10, akatoa ya mega-ohm 1. Zinatofautishwa kwa mistari ya rangi, hii kahawia nyeusi chungwa, hii kahawia nyeusi kijani. Nani hapa hajawahi? Si mnanyoosha mikono wenyewe! Akawasha, ile saketi badala ya kurekodi ikaanza kupiga, tii, inatulia sekunde moja, tii, inatulia. Akaikodolea macho, mapigo ya moyo haya. Akaenda kutengeneza za kwanza kwa mkono kwenye banda nyuma ya nyumba yake, na mwaka 1960 zikaanza kuwekwa ndani ya watu. Tatizo likabaki betri, zile za zebaki zilikuwa zinakaa miaka kama 2 hivi unapasuliwa tena. Kuna wengine miaka ya 1970 waliwekewa zenye plutonium, eeh, nyuklia kifuani, sitanii. Kilichookoa ni betri ya lithiamu na iodini mwaka 1972, Greatbatch huyo huyo alihusika, na mpaka leo kifaa hiki cha kuushtua moyo, ndo tunachokiita betri ya moyo, cha kawaida kinakwenda miaka kumi hivi.

Na ikiisha? Haibadilishwi betri. Ile kopo yote ya titaniamu imechomelewa haifunguki, inatolewa nzima inawekwa nyingine, waya zikiwa salama zinachomekwa tena. Hapa kwetu zinawekwa, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanafanya, zamani wengi walikuwa wanapelekwa India. Nzuri sana. Ila mzee akiwekewa mwaka huu, miaka kumi ijayo nani anakumbuka? Faili lipo? Watoto wanajua au wameambiwa tu "baba ana kitu kifuani"?

Na sasa niwape ya mitumba, maana nawaona wa soko la Karume pale. Marekani mtu akifa na betri ya moyo ambayo bado ina miaka kadhaa, inaishia kutupwa au kuzikwa naye, sheria ya kiwanda inasema ni ya mtu mmoja tu. Watu wa Chuo Kikuu cha Michigan wakasema hapana, wakaanza kuzikusanya kutoka kwenye nyumba za mazishi kwa idhini ya familia, wanapima betri, wanasafisha, wanaua vijidudu, zinapelekwa kwa watu wasio na uwezo nchi nyingine, majirani zetu Kenya wakiwemo. Mwaka 2024 wakatoa majibu, karibu wagonjwa 300, wengine mpya wengine mtumba, na mtumba haikuonekana kuwa mbaya kuliko mpya. Dada mmoja hapo mbele kakunja uso. Dada, kitanda ulicholala hospitali kilikuwa cha nani? Damu uliyoongezewa? Mi ingekuwa mama yangu ningeuliza maswali mawili, imebakiza miaka mingapi na nani ataipima, basi, mwekeeni.

Sasa kuna jambo silisemi kwa raha.

Kabla sijaacha Kariakoo alikuja mama mmoja na mtoto wa kama miaka sita. Mtoto alizaliwa hasikii, akawekewa kile kifaa cha usikivu, Muhimbili walianza kuvipandikiza mwaka 2017. Kwa wasiojua, kina sehemu mbili, ndani kuna nyaya nyembamba imeingizwa kwenye konokono la sikio inashtua neva moja kwa moja, nje kuna mashine ndogo nyuma ya sikio na koili ya duara inayonasa kichwani kwa sumaku, sauti inaingia nje inarushwa ndani kupita ngozi. Ile ya ndani inaweza kukaa miaka mingi sana. Ya nje inavaliwa na mtoto wa miaka sita. Jasho, vumbi, mvua ya Aprili, kuvutana na wenzake.

Mama akatoa waya kwenye kitambaa. "Kaka fundi, huu waya tu." Mtoto anashika sikio anasema betri mama, betri. Nikaweka mita, nikagusa huku na huku, hailii. Nikaikunja taratibu pale shingoni kwenye soketi, ikalia, nikaachia, ikanyamaza. Imekatikia ndani, pale pale ambapo chaja zote duniani zinakatikia. Kazi ya dakika kumi. Solda ilikuwa imewaka tayari.

Sikuigusa. Nilikuwa sijui ule waya unabeba nini kwenda kwenye kichwa cha mtoto, nikikosea nini kinatokea. Nikamrudishia, nikamwambia mama nenda kwa waliokuuzia. Wakaagiza nje. Ilichukua wiki nyingi, mama alikuwa anapita kibandani kunisalimia, na kila akipita mtoto anaongea kidogo zaidi ya wiki iliyopita, mpaka ikafika siku ananioneshea tu kwa vidole. Waya tu jamani. Ndani kwenye sikio kila kitu kizima.

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Wanafunzi, nyie mtakaoenda kazini niambieni, hapa Dar ule waya unatengenezwa na nani?

Na msidhani ni umaskini wetu tu. Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa Second Sight, walitengeneza jicho, Argus II, elektrodi 60, yaani vijincha vya kupitisha umeme, zimebandikwa ndani nyuma ya jicho, mtu anavaa miwani yenye kamera, anaona vimulimuli, ukingo wa mlango, mstari wa barabara. Si kuona kama bibi yangu anavyoona mawe, lakini kwa mtu wa gizani ni kitu. Wakaruhusiwa kuuza kule mwaka 2013, bei yake karibu dola 150,000. Watu zaidi ya 350 duniani wakawekewa vifaa vya kampuni hiyo. Mwaka 2019 wakaacha kukitengeneza, 2020 kampuni nusura ife. Spea hakuna. Simu zinapigwa hazipokelewi. Kuna mama mmoja yeye chake kilishazima mapema, yuko New York kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, watu wanasukumana, anataka kushuka ngazi, akasikia tii, tii, tii, giza. Kikaishia hapo. Na bado kimo jichoni, maana kukitoa nako ni hatari.

Nyie mafundi mmewahi kupata mteja analia kwa sababu kampuni ya simu yake imefungwa? Mnamwambia tupa, nunua Tecno. Huyu atupe nini?

Kwa hiyo mpwa wangu anaponiambia mjomba niwekee chipu mkononi nipande mwendokasi kwa kupunga, mi simcheki. Kitu kipo. Profesa Kevin Warwick kule Uingereza alijiwekea chipu mkononi mwaka 1998, akakaa nayo siku 9 milango inamfungukia, na Sweden wako maelfu wanazo. Ni antena ndogo na namba, haina betri, umeme inaupata kwenye mashine inayoisoma. Ila mpwa, kadi za nauli mji huu zimeshabadilishwa mara ngapi? Wakibadilisha tena nikupasue? Simu yako inafanya kazi hiyo hiyo na ukiichoka unaiuza. Kuna baba mchungaji aliniuliza pale mlangoni kama chipu ndo ile chapa ya mnyama, nikamwambia baba Ufunuo unaujua wewe, mi najua tu kwamba jino lako hilo la mbele limeshikwa na titaniamu. Akacheka, namshukuru, yupo pale nyuma.

Mtu aliyepooza ni habari nyingine. Januari 2024 kampuni ya Neuralink waliweka kifaa kwenye ubongo wa kijana Mmarekani aliyepooza, elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64, akaanza kusogeza mshale wa kompyuta na kucheza chesi kwa kuwaza tu. Baada ya wiki kadhaa nyuzi nyingi zikachomoka kwenye ubongo, wakarekebisha programu akaendelea. Mi nimefurahi kwa ajili yake, na hapo hapo nahesabu, walikuwepo mainjinia wangapi wakimsubiri yeye peke yake? Na mwaka 2017 kule Marekani betri za moyo 465,000 zilihitaji apdeti ya programu kwa sababu ya usalama, watu wakaitwa kliniki, dakika chache tu. Nani hapa hajawahi kufanya apdeti simu ikafa mkononi?

Basi. Wenye vyuma, kijiti, lenzi, betri, chochote, ukitoka hapa tafuta stika au karatasi yake, ipige picha, mtumie mtu mmoja unayemwamini. Wauguzi na mafundi vifaa, msimruhusu mgonjwa atoke bila hiyo, hata kama foleni iko mpaka getini. Mafundi simu, vya ndani msiviguse, lakini waya, chaja, koili, vya nje, kaeni na hawa wanafunzi muelewane, namba zao ziko kwenye karatasi pale mezani.

Na hiki kimkebe hiki. Hii ndo plati yangu na zile skrubu 5, hospitali ya pili walinipa nilipoomba. Nimeiweka chini ya darubini ya kutengenezea simu, kuna namba ya kundi na herufi mbili zimefutika nusu, jina la kampuni hamna, sumaku haishiki, kwa uzito nadhani ni stenlesi. Zungusheni. Najua mnazo bisibisi mifukoni, msijifanye. Jaribuni zote, ikiingia moja ikashika vizuri mniambie ni namba ngapi, maana ya sita bado ninayo.